Kuunda Upya Difu ya Gari Nyumbani

Wasomaji wenye magari ya kazi, hususan Hilux na ndugu zake wa Toyota waliokwisha kutembea masafa marefu katika njia za changarawe, hawajaacha kutuuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: je, mtu asiye na gereji, ila ana spana zake, jiriwa yake na banda lenye kivuli nyuma ya nyumba, aweza kuifungua difu iliyoanza kulia, akaitia beringi na meno mapya, kisha akaifunga ikafanya kazi miaka mingi? Jawabu langu ni kwamba aweza, kwa sharti moja tu, nalo ni kuwa tayari kupima pale ambapo wengi hukisia, na kuifungua tena kazi aliyokwisha kuifunga kila kipimo kinapomwonyesha kuwa haijawa sawa. Asiyeiweza subira hiyo na anunue kichwa kizima kilichokwisha kufungwa na mjuzi, wala hakuna aibu katika kufanya hivyo.

Nimechagua kusema juu ya kichwa cha inchi 8 cha Hilux yenye ekseli ya nyuma iliyo nzima, kwani ndicho kilichoenea kwetu, na kwa kuwa hutoka kizima kwa mbele kikawekwa mezani, hivyo humfaa mwanafunzi kuliko difu zile ambazo sharti zifungiwe ndani ya ekseli yenyewe, mtu akiwa amelala chini ya gari. Hesabu zote nitakazozitaja ni za kichwa hicho. Mwenye Land Rover au gari jingine afuate utaratibu huu huu, lakini vipimo avichukue katika kitabu cha gari lake.

Hakikisha kwanza kwamba kosa ni la difu

Watu wengi hufungua difu isiyo na hatia. Kabla hujagusa boliti hata moja, liendeshe gari katika barabara tambarare, dirisha likiwa wazi, ukatafakari haya:

- Mlio mwembamba unaopanda unapokanyaga mafuta, na kubadilika au kutoweka unapoachia, aghalabu ni wa krauni na pinioni.
- Mngurumo usiojali kama umekanyaga au umeachia, bali unafuata mwendo wa gari tu, ni wa beringi. Lakini ukibadilika unapokata kona, shuku beringi za magurudumu kwanza.
- Mgongano wa chuma unaposhika gia au unapoondoka mahali, mara nyingi hutokana na krosi za propela zilizokwisha, ambazo gharama yake ni ndogo sana.
- Mlio unaobadilika kila uso wa barabara unapobadilika ni wa matairi.

Kisha mwaga mafuta kidogo katika chombo safi uyatazame. Unga laini mweusi juu ya sumaku ya boliti ya kumwagia ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole si jambo la kawaida. Tazama pia kipumulio kilicho juu ya ekseli: kikizibwa na tope, hewa iliyopata moto ndani husukuma mafuta nje kupitia oili sili, difu ikaenda kavu pasi na mwenyewe kujua, na ukiirekebisha difu ukakiacha kipumulio kimeziba, utairejea kazi yote.

Juu ya kununua vifaa

Krauni na pinioni husagwa kiwandani pamoja, jino kwa jino, na hupigwa nambari moja ili zisitengane. Asikudanganye muuzaji kwamba krauni ya seti hii yaweza kuoana na pinioni ya seti ile kwa sababu idadi ya meno ni sawa. Zikikosa nambari moja, ziache hapo hapo, hata kama ni mpya na bei yake yavutia.

Ama uwiano wa meno, uhesabu mwenyewe: krauni yenye meno 41 na pinioni yenye 10 ni 4.1, 43 kwa 10 ni 4.3, 41 kwa 9 ni takriban 4.56, na 39 kwa 8 ni takriban 4.88. Gari linalovuta kwa magurudumu manne sharti difu ya mbele na ya nyuma ziwe na uwiano mmoja, ama sivyo utavunja kitu siku ya kwanza utakapofunga magurudumu ya mbele katika ardhi ngumu. Ukitaka kujua uwiano wa gari lako pasi na kulifungua, inua magurudumu ya nyuma, gia iwe huru, zuia gurudumu moja lisizunguke, lizungushe jingine mizunguko 2 kamili, huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela: idadi anayoipata ndiyo uwiano.

Kwa wanaonunua vichwa vya mtumba pale Gerezani, Dar es Salaam, au katika maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, nasaha yangu ni moja: usikubali kichwa ambacho muuzaji hataki ukizungushe kwa mkono na kuyatazama meno yote ya krauni, moja baada ya jingine. Jino lenye vishimo vidogo vidogo, au lililoingia rangi ya buluu ya moto, halitengenezeki.

Vyombo usivyoweza kuvikosa

Spana za kawaida na nyundo sizitaji, kwani kila anayeifikiria kazi hii anazo. Hivi navyo ndivyo vinavyotenganisha kufunga na kubahatisha:

- Geji ya mshale yenye kusoma sehemu za mia za milimita, pamoja na shina lake la sumaku. Hii haina badala.
- Spana ya toki yenye kufika walau nyutoni-mita 235.
- Mizani ya springi ya kuning'iniza, ile ile wanayopimia samaki sokoni, ilimradi iwe inasoma sahihi.
- Pula ya kuvulia beringi. Presi unaweza kuiazima kwa saa moja kwa jirani mwenye karakana.
- Ubao wa chuma wenye matundu mawili ya kufungia katika flenji ya pinioni, urefu wake ukaribie mita moja, ili kuizuia isizunguke.
- Rangi ya mafuta ya wachoraji, ya manjano, ya kupaka meno. Vitabu vya zamani hutaja rangi nyekundu ya risasi. Hiyo ni sumu, iache.

Na mahali pa kazi pawe pamefunikwa upepo. Pwani yetu kusi ikivuma hubeba mchanga usioonekana, na mchanga ndani ya beringi mpya huifupishia maisha pasi na wewe kusikia lolote kwa miezi kadhaa. Kila kilichooshwa kifunikwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Kukitoa kichwa

Sehemu hii ni ya nguvu kuliko akili, nami sitaikawilia. Liweke gari juu ya stendi za chuma zilizo imara, si juu ya jeki wala matofali. Fungua boliti ya kujazia mafuta kabla ya ile ya kumwagia, kwani ile ya kujazia ikikataa kufunguka baada ya mafuta kumwagika, gari halitatoka hapo. Tenga propela ukiwa umeitia alama. Fungua mabomba ya breki na nati nne za kila upande wa bamba la breki, vuta shafti za pembeni kiasi cha kutoka katika gia za ndani, kisha fungua nati za kichwa na ukipokee kwa jeki au kwa mikono ya watu wawili. Vumbi la breki usilipulize kwa hewa. Katika magari ya zamani laweza kuwa na asbesto, nalo ni adui wa mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Tia alama kabla ya kufungua lolote

Hapa ndipo haraka inapowagharimu watu. Kofia mbili za beringi zinazolishika bakuli la difu hukerezwa kiwandani zikiwa zimefungwa mahali pake, kila moja kwa upande wake, na ukizibadilisha kulia na kushoto, au ukageuza moja juu chini, beringi hazitakaa sawa tena hata ukazikaza vipi. Piga nukta moja ya kushoto na nukta mbili za kulia, katika kofia na katika mwili wa kichwa vile vile.

Fauka ya hayo, kabla hujafungua, pima plei iliyopo baina ya krauni na pinioni na upake rangi meno machache uone alama yao ya zamani. Huenda vipimo hivyo havitakusaidia kitu, lakini kama seti ya meno unairudisha ile ile na unabadilisha beringi tu, basi hivyo ndivyo utakavyotafuta kuvirejea, kwa sababu meno yaliyokwisha kuzoeana hupenda kukutana pale pale yalipozoea. Andika kila kitu katika karatasi, pamoja na unene wa shimu utakayoikuta nyuma ya kichwa cha pinioni.

Kufunga krauni katika bakuli

Pangusa uso wa bakuli kwa tupa laini uondoe kila kijiwe cha kutu, kwani kipande kidogo cha taka chini ya krauni huifanya iyumbe, na krauni inayoyumba hutoa alama njema upande huu na mbaya upande ule, mpaka mtu akadhani kwamba amepumbazika. Tumbukiza krauni katika maji yanayochemka. Joto la maji, yaani nyuzi 100 za sentigredi, ndilo linalotakiwa, wala usiitie moto wa gesi, maana moto huo huua ugumu wa chuma. Ikipata moto huteremka mahali pake kwa mkono. Ifute maji mara moja, ishike kwa boliti chache, ungoje ipoe, kisha kaza boliti zote kwa mtindo wa kuvuka, kidogo kidogo, hadi nyutoni-mita 97. Zile za zamani zenye vibati vya kufungia, vibati viwe vipya; zile zisizo na vibati, tia gundi ya nyuzi za boliti juu ya nyuzi zilizooshwa na kukauka.

Halafu pima mgongo wa krauni kwa geji bakuli likizunguka katika beringi zake: kuyumba kusizidi milimita 0.10. Kukizidi, usiendelee, vua krauni utafute taka.

Kina cha pinioni

Kina, yaani umbali ambao pinioni imeingia kuielekea krauni, ndilo jambo kubwa kuliko yote, nalo huamuliwa na shimu moja tu iliyo baina ya kichwa cha pinioni na beringi ya ndani. Shimu nene huisogeza pinioni ndani zaidi, shimu nyembamba huirudisha nyuma. Na tofauti ya sehemu chache za mia za milimita hutosha kuyahamisha makutano ya meno mbele ya macho yako.

Sasa adha yake ni hii: ili kubadilisha shimu sharti beringi ivuliwe, na kila kuivua huichosha, na presi ni ya jirani. Dawa wanayoitumia mafundi wenye busara ni kutengeneza beringi ya kujaribia. Chukua beringi kuukuu ya ndani, iliyo ya aina na kipimo kile kile cha mpya, usugue tundu lake kwa msasa hadi ivae shinani mwa pinioni kwa mkono bila kulegea. Kwa beringi hiyo waweza kubadilisha shimu mara nyingi upendavyo katika adhuhuri moja, na ile mpya ukaipiga presi mara moja tu, siku ya mwisho. Msomaji ataniuliza kama beringi mbili zaweza kutofautiana kimo. Naam, zaweza, kwa kiasi kidogo. Ndiyo sababu alama ya meno itasomwa tena baada ya beringi mpya kuingia.

Anza na shimu ya unene ule ule uliotoka. Mara nyingi utakuwa karibu.

Vikombe vya beringi vya zamani vitolewe kwa kipande cha shaba, ukipiga upande huu na ule kwa zamu. Vipya viingizwe kwa kutumia kikombe cha zamani kilichopunguzwa kwa tupa kando zake, ili kisije kikakwama. Beringi inapopigwa presi, nguvu ipite katika duara la ndani peke yake. Na usiizungushe beringi iliyooshwa kwa kuipuliza hewa, ati uisikie inavyoimba. Ikiwa kavu hujikwaruza mara moja, na katika kasi hiyo yaweza kupasuka usoni pako.

Katika hatua hii funga pinioni bila ya bushi ya kubonyea, ambayo nitaieleza mbele, na bila ya oili sili, ukikaza nati kidogo kidogo mpaka ulegevu uishe na pinioni izunguke kwa uzito mdogo. Tahadhari: bila ya bushi hakuna kinachoizuia nati, na mkono mzito utaziponda beringi.

Plei, na mkazo wa beringi za pembeni

Rudisha bakuli na kofia zake kwa alama ulizotia, boliti za kofia zikiwa zimeshikwa tu. Kuna nati mbili za duara zenye mapengo, kila upande moja. Ile iliyo nyuma ya krauni huisukuma krauni kwenye pinioni na kupunguza plei; ile ya upande wa meno huirudisha. Zitumie hivi:

1. Kaza ya nyuma ya krauni hadi plei ibaki kidogo sana, ukizungusha krauni muda wote ili beringi zikae.
2. Kaza ya upande wa meno hadi ulegevu wote uishe, kisha uongeze pengo moja au moja na nusu. Huo ndio mkazo wa awali wa beringi za pembeni.
3. Weka ncha ya geji wima juu ya jino la krauni, upande wa nje, ishike pinioni isitikisike, utikise krauni mbele na nyuma, usome.
4. Plei itakiwayo ni milimita 0.13 hadi 0.18. Ukitaka kuibadilisha, legeza nati moja na ukaze ya pili kwa idadi ile ile ya mapengo, mkazo usipotee.
5. Kaza boliti za kofia kwa nyutoni-mita 78, upime tena, katika mahali pasipopungua patatu kuizunguka krauni.

Kosa linaloonekana sana ni kupima mahali pamoja na kuridhika. Kosa la pili ni kupunguza plei ili kuondoa mlio. Meno yaliyobanwa hupata moto, mafuta hukosa nafasi ya kukaa baina yao, na difu iliyonyamaza leo kwa kubanwa huchubuka katika safari ya kwanza ya mbali.

Kuisoma alama ya meno

Ukiniuliza ni kipi nikiamini, geji au rangi, nitakwambia kwamba geji yakuonyesha nafasi tu, ilhali rangi yakuonyesha meno yenyewe yanavyobebana, na ndiyo yenye hukumu ya mwisho juu ya kina cha pinioni. Paka rangi nyembamba katika meno matatu au manne, mahali patatu mbalimbali pa krauni. Mwambie mwenzako aizuie krauni kwa kipande cha mbao ili iwe na uzito, nawe zungusha pinioni pande zote mbili mara kadhaa. Alama iliyopatikana bila uzito hudanganya.

Kila jino lina pande mbili: ule unaobeba mzigo gari linapovutwa, na ule unaobeba unapoachia mafuta katika mteremko. Soma zote mbili, ukiupa ule wa kuvuta uzito zaidi. Jambo la kutazama kwanza ni kama alama imeelekea kileleni mwa jino au shinani:

- Iko kileleni, pande zote mbili: pinioni iko mbali, tia shimu nene zaidi.
- Imezama shinani, pande zote mbili: pinioni imeingia mno, tia shimu nyembamba.
- Iko katikati ya kimo cha jino, ikiwa duara refu lenye kingo laini: kina ni sahihi.

Kukaa kwa alama upande wa ndani wa jino, penye wembamba kuelekea katikati ya krauni, au upande wa nje, huhusika zaidi na plei: ukiisogeza krauni karibu, alama huenda ndani, ukiirudisha, huenda nje. Alama iliyoelekea ndani kidogo haina ubaya, kwa kuwa mzigo mzito huisukuma nje. Ila isifike ukingoni hata kidogo, kwani ukingo ukibeba mzigo hukatika.

Wengi huchanganyikiwa hapa kwa kubadilisha shimu na plei kwa pamoja, wasijue ni lipi lililoihamisha alama. Badilisha shimu, rudisha plei kuwa ile ile, ndipo usome. Usipoona tofauti yoyote, badilisha kwa kiasi kikubwa, kama vile milimita 0.10, mpaka uvuke na kuona alama ya upande wa pili. Sahihi itakuwa baina ya hizo mbili. Kwa kubadilisha sehemu 2 au 3 za mia kila mara mtu aweza kukesha pasi na kufika.

Je, meno yaliyotumika nayo husomwa hivyo hivyo? Hayasomwi sawasawa. Alama yake haitakuwa nzuri ya kupendeza, nawe usiitafute. Tafuta ile uliyoiona kabla ya kufungua.

Bushi ya kubonyea na nati ya pinioni

Alama ikikuridhisha, vua bakuli tena ukiwa umehesabu mahali pa nati zake, piga presi beringi mpya, tia bushi mpya ya kubonyea, oili sili mpya iliyopakwa grisi mdomoni, flenji, na nati mpya. Bushi haitumiki mara mbili kwa hali yoyote ile. Iliyokwisha kubonyea haina tena nguvu ya kuizuia beringi.

Sasa kaza. Nati itafika kama nyutoni-mita 108 na pinioni bado ina ulegevu, na hapo bushi huanza kubonyea, nawe utahitaji bomba refu na mtu wa kuushika ule ubao. Tangu hapo kaza kwa vipande vidogo sana, robo ya robo ya mzunguko, na kila mara upime mkazo hivi: viringisha uzi mgumu kuizunguka flenji, funga mizani ya springi, vuta polepole, usome pinioni ikiwa inazunguka kwa utulivu, si pale inapoanza kuondoka. Beringi mpya hutakiwa nyutoni-mita 1.2 hadi 1.9, zilizotumika, 0.6 hadi 1.0. Kama uzi wako umo sentimita 5 kutoka katikati ya flenji, basi kwa beringi mpya mizani itasoma baina ya kilo 2.5 na 3.9 takriban, na ukiwa mbali zaidi, kilo zitapungua kwa kadiri hiyo, kwa hiyo pima umbali wako kwa rula wala usiuchukue wangu.

Mkazo haupandi kwa utaratibu ule uliotazamiwa. Mizani husoma karibu na sifuri kwa muda mrefu, kisha ghafla, kwa mvuto mdogo wa bomba, hupanda kutoka pungufu hadi kupita kiasi. Ukipita, usilegeze nati ati kuurejesha mkazo, kwani ukiilegeza bushi haijitanui, na nati haitakuwa na kinachoishika. Siku moja itafunguka njiani na pinioni itakwenda mbele na nyuma hadi meno yakatike. Fungua, tia bushi nyingine mpya, uanze tena. Kwa hiyo nunua bushi mbili tangu mwanzo. Na nati ikiwa imefika nyutoni-mita 235 na mkazo haujatosha, hapo pia bushi ibadilishwe, usizidishe nguvu.

Wanaobeba mizigo mizito au kuvuta matela wana njia ya pili, nayo ni kutia bushi ngumu isiyobonyea pamoja na shimu nyembamba za kurekebishia. Yachosha zaidi katika kufunga, lakini nati yaweza kukazwa sana bila kuziponda beringi, nami kwa gari la kazi naipendelea.

Ukimaliza, rudisha bakuli, hakikisha plei na alama mara ya mwisho, kisha pima mkazo wote kwa pamoja: uzidi ule wa pinioni peke yake kwa nyutoni-mita 0.4 hadi 0.6. Funga vizuizi vya nati za pembeni, na ugonge ukingo wa nati ya pinioni uingie katika mfereji wake.

Maswali yanayorudi

*Fundi wetu hufunga kwa kutikisa mkono tu, na magari yake yanatembea.* Huenda mkono wake umefunga vichwa vingi hata ukajua. Wa kwako haujajua, na hauna haja ya kujua maadamu una geji.

*Je, nichomelee gia za ndani ili magurudumu yote mawili yavute matopeni?* Usifanye hivyo kwa gari linalokwenda barabarani. Katika kona gurudumu la nje hutaka kwenda masafa marefu kuliko la ndani, na likizuiwa, tairi huburuzika, shafti husokotwa, na gari hukataa kugeuka pale unapohitaji ligeuke, hasa lami ikiwa imelowa.

*Mafuta ya gia ya sanduku yatafaa?* Yasiyo na alama ya GL-5 hayafai. Meno ya difu ya namna hii huteleza moja juu ya jingine yakiwa chini ya mzigo mkubwa, na mafuta ya kawaida hukatika baina yake. Tia GL-5 ya 80W-90. Na kama difu yako ni ile yenye visahani vya kuzuia gurudumu moja kuteleza, tia yaliyoandikwa kuwa ni ya difu hizo.

Kurudisha garini na kilomita za mwanzo

Osha ndani ya ekseli yote, hadi mwisho wa mirija, kwa maana vipande vya difu iliyokufa hujificha huko na kurejea kuiua mpya. Tia gasketi mpya, rudisha shafti kwa upole zisikwaruze oili sili, toa hewa katika breki. Jaza mafuta gari likiwa limesimama sawasawa, hadi yaanze kuchuruzika katika tundu la kujazia, kiasi cha lita 2 na kidogo.

Meno mapya yanahitaji kupoa kuliko yanavyohitaji kutembea. Endesha dakika 15 au 20 kwa mwendo wa wastani, simama, acha ekseli ipoe hadi uweze kuishika, kisha rudia mara chache. Joto la kuunguza mkono mara moja karibu na pinioni ni dalili ya mkazo uliozidi au plei iliyobanwa, na tiba yake ni kufungua, si kungoja. Usibebe mzigo mzito wala kuvuta tela kabla ya kilomita 800. Zikitimia, mwaga mafuta yote hata yakionekana mazuri, utazame sumaku, utie mapya.

Mlio mdogo unaosikika katika mwendo mmoja tu na usioongezeka hadi kilomita hizo, uache. Meno mengine husema hivyo maisha yao yote. Unaoongezeka kila wiki, kitoe kichwa uisome tena alama, ukiwa na ile karatasi ya vipimo mkononi, kwani unene wa shimu ulioandikwa humo utakuonyesha pa kuanzia.